Ufunguo wa Nyumba Isiyo na Paa

Mwaka 1975 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya wavulana pekee mkoani Lindi. Tulitakiwa kuwaonyesha wanakijiji jirani zetu mchezo wa kuigiza, nami nikapewa kuuandika kwa sababu tu nilikuwa na mwandiko mzuri. Mada tulipangiwa: Operesheni Vijiji. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya pamoja kwa amri mwaka uliotangulia, na wengine, bibi yangu mzaa mama akiwamo, walikuwa bado wanakandika kuta za nyumba mpya.

Katika rasimu yangu mlikuwa na mjumbe wa nyumba kumi, kijana shupavu anayehutubia tangu anapoingia, na kikongwe asiyetaka kuhama. Kikongwe nilimpa kikohozi na ugoro ili watu wacheke. Mwishoni mjumbe anahutubia tena, kikongwe anatubu, ngoma inapigwa.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliisoma akiwa amesimama mlangoni. "Huyu bibi anakataa kwa nini?"

"Ni mkaidi, mwalimu."

"Hilo ni jina ulilompa wewe. Yeye mwenyewe anasemaje?"

Sikuwa na jibu. Akanipa *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, akaniagiza nitafute vita vyenyewe vinapiganwa wapi. Nilidhani ni swali la mtoto: Majimaji, 1905, sisi na Wajerumani. Kumbe vita vinavyouma zaidi vimo ndani ya Kinjeketile mwenyewe. Ametamka neno akiwa amepandwa na pepo Hongo, watu wamelibeba, naye amebaki akilitilia shaka peke yake. Kisha, akiwa kifungoni, anatakiwa aseme maji yake ya kuzuia risasi yalikuwa uongo, naye hakubali, maana neno si lake tena.

Jumamosi nilikwenda kwa bibi. Habari za siasa sikumuuliza. Nilimuuliza habari za kule alikotoka. Akanihesabia mikorosho yake ishirini na mitatu kama anayehesabu wajukuu: huu ulipandwa alipozaliwa mjomba, ule unalifunika kaburi la babu. Korosho zilikuwa zikidondoka huko bila wa kuziokota, mwendo wa nusu siku. Na aliyekuja na mgambo kumtoa ni nani? Mjomba huyohuyo, mjumbe wa nyumba kumi.

"Siku ile hakunitazama usoni," alisema.

Nilirudi shuleni, nikamfanya mjumbe kuwa mwana wa kikongwe. Hotuba zikajifia zenyewe. Nani anamhutubia mama yake? Ugoro niliubakiza, ila sasa kikongwe aliuomba kwa mwanawe katikati ya ugomvi, naye, amri ikiwa bado mdomoni, akatia mkono mfukoni akampa. Katika mazoezi hakuna aliyecheka hapo.

Toba ya mwisho ndiyo ilinishinda. "Amebadilika saa ngapi?" mwalimu aliuliza. Nikakumbuka jambo jingine la bibi: mgambo walipomaliza kung'oa paa, aliufunga mlango kwa ufunguo. Basi kikongwe wangu naye akafunga mlango wa nyumba isiyo na paa, kisha akamkabidhi mwanawe ufunguo. Nikajiona fundi.

Usiku wa maonyesho tuliwasha karabai mbili. Mvulana aliyejifunga kanga aliponyoosha mkono wenye ufunguo, wazee waliinamisha vichwa. Ofisa mmoja aliyeketi mbele hakupiga makofi, na mchezo ule hatukuruhusiwa kuurudia.

Nimeandika michezo mingine tangu hapo, na hadi leo, nywele zikiwa nyeupe, mhusika akinikubalia upesi huwa namshuku. Sababu si yule ofisa. Mchezo ulipokwisha nilimfuata bibi mkekani, nikamwamkia, akaitikia, nikangoja sifa zangu. Alilishika pindo la kanga, akafungua fundo taratibu. Ndani mlikuwa na ufunguo ulioanza kushika kutu.

"Yule wako kautoa," alisema. "Mimi sikuutoa."