Utepe ukishakatwa
Desemba nilipokuwa likizo Tanga nilifuatilia hati ya kiwanja cha marehemu baba kwenye ofisi moja mpya ya serikali. Ghorofa tatu, zinang'aa, upande wa magharibi vioo kuanzia chini hadi juu. Saa tisa alasiri watumishi walikuwa wamebandika magazeti kwenye vioo kwa selotepu, na kiyoyozi kinadondosha maji kwenye dumu lililokatwa shingo.

“Kaka, hiki leo umebahatika kukikuta kinawaka,” alinieleza dada wa masijala. “Kikishinda kinawaka kila siku, umeme wa LUKU haufiki mwisho wa mwezi.”

Ninakoishi, jimbo la Washington, Marekani, natengeneza mitambo ya kupasha joto kwenye chuo cha umma. Tangu 1975, mafuta yalipokuwa yamepanda bei duniani kote, sheria ya jimbo inataka jengo la umma la futi za mraba 25,000 na zaidi lifanyiwe hesabu ya gharama za umri wake wote lingali kwenye michoro. Mhandisi analinganisha mifumo kadhaa: bei ya kununua, nishati, vipuri, hata siku ya kung'oa mtambo na kufunga mwingine.

Pesa ya miaka ya mbele hupunguzwa thamani kwanza, na hapo ndipo pa kukodolea macho. Tuseme veranda pana na dari la kuzuia joto vinaongeza shilingi milioni 40, umeme ukapungua kwa milioni 5 kila mwaka. Kwa hesabu ya sokoni, bila punguzo, pesa imerudi mwaka wa nane. Weka punguzo la asilimia 10 kwa mwaka, inarudi mwaka wa 17. Weka asilimia 15, hairudi kamwe. Veranda ni ileile! Kwa hiyo nikioneshwa hesabu hizi, naulizia punguzo kwanza.

Kwetu Tanzania wahandisi wa kupiga hesabu hizi wapo. Tatizo naliona kwenye mafungu: jengo linajengwa kwa bajeti ya maendeleo, umeme unalipwa na matumizi ya kawaida. Aliyefuta veranda kwenye mchoro anasifiwa kwa kubana gharama. LUKU inamsubiri mwenzake. Na hii ni pwani, ambako majumba ya zamani yana kuta nene na madirisha marefu ya kupitisha upepo.

Saa tisa na nusu umeme ulikatika. Dada wa masijala akabeba mafaili yake, tukamfuata nje, akaendelea kuita majina chini ya mwembe.