Mjomba, presha na sigara

Leo sina habari za chuo, nina za mjomba wangu.

Mjomba ana presha, anameza dawa kila siku, na sigara havui mdomoni. Nyumbani kila mtu ana hotuba yake. Mkewe anafoka, mama anamtajia jirani aliyepooza. Jibu lake ni lile lile: "Kila mtu na siku yake." Kisha anatoka nje anawasha nyingine.

Na wanachomwambia ni kweli tupu. Kila sigara, nikotini inabana mishipa, moyo unakwenda mbio na presha inapanda kwa muda. Moshi nao unaharibu mishipa ile ile ambayo presha inaichosha. Kidonge hakifuti hilo. Ila kama hofu ingetosha, mjomba angeshaacha zamani.

Sisi wa ualimu tunalijua hili. Mwanafunzi anayeandika kwa kuogopa fimbo, ukigeuka tu kalamu iko chini. Mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliandika mwaka 1983 kuhusu watu wenye tatizo la pombe: ukizidi kubishana na mtu, naye anazidi kujitetea. Bora umuulize, aseme sababu zake mwenyewe.

Basi likizo hii nikamuuliza: "Mjomba, kuanzia 0 mpaka 10, hamu yako ya kuacha ni ngapi?" Akacheka, "Labda 3." Nikamuuliza, "Kwa nini siyo 0?"

Akanyamaza weee! Halafu akasema, "Kale kajukuu kangu hakataki nikapakate. Kanasema babu ananuka."

Jamani, miaka yote ya hotuba hakuna aliyewahi kulitaja hilo. Ndipo mwenyewe akauliza, je, akiacha sasa kuna faida kweli? Nikamwambia: dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho, presha na mapigo ya moyo huanza kushuka. Ukifika mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa moyo inayotokana na sigara inakuwa imepungua karibu nusu.

Hajaacha bado, nisiwadanganye. Ila amechagua tarehe yeye mwenyewe, na siku ya kliniki atamwomba daktari amsaidie, maana anasema ile ya asubuhi baada ya chai ndiyo itamshinda. Mkewe nimemwomba apumzishe hotuba kwanza.

Wenye wazee wa namna hii, hebu ulizeni kabla ya kuhubiri. Ngoja nikasome, nina testi Jumatatu.