Askari Saba wa Risasi

Wako watu wanaocheka wanapomwona mtu mzima, mwenye familia na mvi kichwani, ameinama mezani akikifuta vumbi kitu cha kuchezea watoto. Huona kwamba huo ni upungufu wa akili, au kwa uchache ni kuipoteza bure siku ya mapumziko. Siwalaumu. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa ya kuketi pamoja na watu wa namna hiyo hapa Kisesa, nimesadiki kwamba wanachokikusanya si upuuzi, na kwamba kilicho bora kuliko vitu vyao ni jinsi wanavyotendeana wao kwa wao.

Kisesa, kwa wasioijua, ni mji mdogo wa Wilaya ya Magu, usiofika kilometa 20 kutoka Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Wengi huijua kwa sababu ya Bujora iliyo jirani, ambako Padri David Clement, mzaliwa wa Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kazi ya kukusanya ngoma, viti vya watemi na vyombo vya Wasukuma, kazi iliyozaa makumbusho yanayotembelewa hadi leo. Basi mahali palipozoea kutunza vya kale si ajabu pakatokea pia watunzaji wadogo, wasio na jengo wala kibao mlangoni.

Sisi tu watu watano. Hatuna katiba, mhuri wala mweka hazina. Hukutana Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, chini ya mwembe wa mwalimu mmoja mstaafu, kila mmoja na kifurushi chake. Mwalimu hutunza ng'ombe wa udongo waliofinyangwa na wanafunzi wake kwa miaka mingi. Anaweza kukuonyesha pembe za ng'ombe fulani akakuambia mtoto aliyemfinyanga alichunga kwa nani. Mama mmoja, muuguzi aliyestaafu, ana wanasesere wa magunzi ya mahindi waliovikwa vipande vya kanga. Mimi nina malori ya waya yenye magurudumu yaliyokatwa katika kandambili kuukuu.

Fundi baiskeli wetu ana kifaru alichokiunda kwa makopo ya maziwa mwaka 1979, akiwa mtoto wa miaka tisa, wakati wa vita vya Kagera. Vita ile haikuwa hadithi ya mbali kwa watu wa Mwanza. Mwaka huo ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilileta mabomu hadi huku. Yakaukosa mji, yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Watoto wakubwa walichimba mahandaki ya mchezo, na fundi akaunda kifaru. Kimeshika kutu, lakini mnara wake ungali unazunguka.

Wa tano ni mzee aliyefanya kazi maisha yake yote katika meli za ziwani. Yeye ndiye aliyekuwa na mali iliyotushinda sote: askari saba wa risasi.

Lugha yetu inalitumia neno hilo moja kwa madini yale mazito na kwa kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki, na mzee alipenda kusema kwamba askari wake walikuwa risasi tupu tangu kofia hadi nyayo. Kwa kweli walikuwa na uwazi ndani. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain huko London ilivumbua njia ya kumimina risasi iliyoyeyushwa katika kalibu na kuimwaga mara moja, ili ibaki ganda tu lililoganda ukutani mwa kalibu. Askari akawa mwepesi na bei yake ikashuka, hata Wajerumani, waliokuwa wametawala biashara hiyo kwa muda mrefu, wakapata mshindani. Watu wazima nao walivutiwa, mwandishi H. G. Wells alitoa mwaka 1913 kitabu kizima cha kanuni za kupigana vita vya sakafuni kwa askari hao.

Kampuni hiyo iliunda majeshi ya pande nyingi za dunia, na miongoni mwao lilikuwamo jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Wale saba walikuwa Keya: kofia nyekundu, sare ya kaki, bunduki begani, mguu mmoja mbele. Kwa kawaida askari wa miguu waliuzwa wanane katika sanduku jekundu. Wa nane alikuwa amepotea kabla mzee hajazaliwa.

Walifikaje Kisesa? Baba yake mzee alikuwa askari wa kweli wa Keya, akapelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili. Aliporudi aliajiriwa kuwa mpishi wa Mzungu mmoja. Mtoto wa nyumba ile alipokua na kuondoka, mpishi akapewa sanduku. Aliwahamishia askari katika kopo la biskuti, wala hakumruhusu mwanawe awachezee. Agizo hilo lilikuwa na faida mbili asizozijua. Kwanza, risasi ni sumu, hasa kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Askari wa zamani wa namna hiyo si wa kuchezewa, na anayewashika yampasa kunawa mikono. Pili, mvuke wa baadhi ya mbao na makaratasi hula risasi polepole hadi ikawa unga mweupe. Kopo la bati liliwaokoa.

Mwaka juzi mjukuu wa mzee alipata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada haikuwapo. Wakati huohuo mgeni mmoja, mkusanyaji wa vitu vya aina hiyo, akatoa bei nzuri kwa askari wote saba. Mzee aliuleta mkasa wake chini ya mwembe.

Tulibishana. Mwalimu alitaka wapelekwe makumbusho, kwa kuwa walikuwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana vita visivyo vyao. Fundi alisema tuchange. Tukahesabu vilivyomo mifukoni mwetu, tukaona havifiki hata robo ya haja. Ndipo mama muuguzi akasema, "Jamani, askari hawa wamelindwa miaka yote hii. Sasa na wao wamlinde mtoto." Hakuna aliyemjibu. Mzee akauza.

Jumapili iliyofuata ya mkutano hakufika, wala iliyofuata hiyo. Tukamwendea nyumbani.

"Nije kufanya nini?" alituuliza. "Kila mtu ataweka chake mezani, mimi nitaweka mikono?"

"Shikamoo kwanza, mzee," akasema fundi, akajivutia kigoda. "Mimi kifaru changu nakijua. Ninachokuja kukisikiliza ni maneno yako. Ukikosa wewe, tunatazamana tu kama kuku wenye mvua."

Mzee akacheka, na mwezi ule akaja mikono mitupu. Siku hiyo alituhadithia mambo ya baba yake ambayo hakuwahi kuyasema wakati askari walipokuwa mezani: jinsi alivyoogopa mvua kubwa maisha yake yote baada ya kurudi kutoka misitu ya Burma, na jinsi alivyolifungua kopo usiku, akawapanga wale saba, akaiacha nafasi ya wa nane, kisha akawarudisha bila kusema neno. Siku hizi mimi huyaandika maneno yake katika daftari, na daftari lina nafasi yake mezani sawa na ng'ombe wa udongo. Mjukuu yu mwaka wa pili chuoni.

Ndugu msomaji, huenda wewe hukusanyi vitu vya kuchezea. Labda una chama chako cha mpira, cha kwaya, cha bao au cha kuzikana. Kila chama hujisifu kwa mali yake: jezi, vinanda, vikombe vya ushindi. Lakini kipimo chake hakimo katika kabati. Kimo katika siku ile mwenzenu anapofika bila kitu, na katika kutazama kama kiti chake kipo au kimekwisha kuondolewa. Wahenga walisema undugu ni kufaana, wala si kufanana. Vitu huwakutanisha watu. Kuendelea kukutana baada ya vitu kuondoka ni kazi ya watu wenyewe.