Nyumba Yenye Wenyewe: Uchunguzi wa Majini na Mizuka, Ughaibuni na Nyumbani

Uchunguzi wa nyumba inayosemwa kuwa ina wenyewe huanza na malalamiko ya kawaida kabisa. Kuna vishindo darini usiku, mlango uliofungwa hukutwa wazi, mtoto hushtuka na kulia saa ile ile kila usiku, mtu huamka akihisi amekaliwa kifuani, mawe huangukia bati na mrushaji haonekani. Malalamiko haya hayana tofauti kubwa kati ya London na Tanga. Tofauti iko kwenye swali la kwanza. Uingereza na Marekani mchunguzi huuliza kama kweli kuna kitu. Katika pwani ya Waswahili na visiwani, kuwepo kwa majini si jambo la kusubiri ushahidi, kwani Qurani yenyewe ina sura nzima yenye jina lao, ya 72. Huko huulizwa: ni nani huyu, katokea wapi, na anataka nini? Swali hilo ndilo linaloamua nani aitwe, aje na vifaa gani, na hasa nani atabebeshwa lawama mwishoni.

Uingereza kazi hii ina chama chake tangu 1882, mwaka ambao Society for Psychical Research ilianzishwa London, rais wake wa kwanza akiwa Henry Sidgwick, mwanafalsafa wa Cambridge. Waanzilishi walikuwa wasomi walioona kuwa habari za mizuka hazifai kuchekwa wala kuaminiwa kabla ya kupimwa. Mtu aliyeifanya kazi hiyo ijulikane mitaani ni Harry Price. Mwaka 1937 alikodi Borley Rectory, nyumba ya kasisi iliyojengwa 1862 huko Essex, akatangaza katika gazeti la The Times kwamba anatafuta watu wa kukesha ndani yake. Waliojitokeza walipewa kijitabu cha maelekezo. Walichora duara za chaki kuzunguka vitu ili ijulikane kama vimesogea, wakaandika saa ya kila kishindo, wakapima joto la vyumba. Nyumba iliungua 1939, na Price akaandika vitabu viwili juu yake. Mwaka 1956 watafiti watatu wa chama kile kile walichapisha ripoti iliyoonyesha kuwa mengi yaliyosimuliwa yalikuwa na sababu za kawaida, na wakamshuku Price mwenyewe kuwa na mkono katika baadhi yake. Hapo ndipo nguvu ya utaratibu wa Kiingereza inapoonekana: yaliyoandikwa yalibaki, na mtu mwingine akaweza kuyarudia na kuyapinga.

Kisa kilichoigusa familia ya kawaida zaidi ni cha Enfield, kaskazini mwa London, kilichoanza Agosti 1977. Mama aliyekuwa akilea watoto wanne peke yake katika nyumba ya halmashauri aliita polisi baada ya samani kusogea na kuta kugongwa. Askari wa kike aliyefika alitia sahihi maelezo kwamba aliona kiti kikiteleza sakafuni. Wakaja waandishi wa magazeti, na baada yao Maurice Grosse na Guy Lyon Playfair wa chama cha utafiti, ambao waliifuatilia nyumba hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja wakiwa na vinasa sauti. Binti wa miaka 11 akawa anatoa sauti nzito ya mwanamume mzee. Watafiti wengine wa chama hicho, akiwemo Anita Gregory, hawakuridhika, na kamera iliyowekwa chumba cha pili ilimnasa binti akipinda vijiko kwa mikono. Baadaye mabinti walikiri kuwa walibuni sehemu ndogo ya mambo yale, wakashikilia kuwa mengine yalikuwa ya kweli. Watu wanabishana mpaka leo. Lisilobishaniwa ni kwamba mtoto mmoja aliishi utoto wake akitazamwa, akirekodiwa na kutegewa mitego na watu wazima, na hakuna kifungu cha utaratibu ule kilichouliza hilo linamfanyia nini.

Faida kubwa ya kuchunguza jengo kabla ya mtu ilionekana Marekani. Mwaka 1921 daktari wa macho William Wilmer aliandika katika jarida la kitabibu habari za familia iliyohamia nyumba kubwa ya zamani. Walisikia nyayo ghorofani, walihisi kuna mtu nyuma yao, waliumwa na kichwa, watoto walififia rangi, na maua ya ndani yakanyauka. Chanzo kilikuwa tanuri la kupashia nyumba joto. Lilikuwa bovu, na badala ya kupeleka moshi wake kwenye dohani lilikuwa likiumwaga ndani. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, na ubongo ukinyimwa oksijeni kidogo kidogo, mtu huchoka, huchanganyikiwa, huweza hata kuona na kusikia yasiyokuwepo. Tanuri lilipotengenezwa, mambo yale yalikoma.

Kisa cha Vic Tandy ni chepesi zaidi. Alikuwa mhandisi katika maabara moja ya Uingereza ambako watu waliingiwa na hofu bila sababu, na yeye mwenyewe aliona kivuli cha kijivu pembeni mwa jicho. Siku moja upanga wake wa mchezo, uliobanwa kwenye jiliwa, ukaanza kutetemeka wenyewe. Aliufuatilia mtetemo huo hadi kwenye feni mpya iliyokuwa ikitoa sauti ya mitetemo takriban 19 kwa sekunde, chini ya kiwango ambacho sikio husikia. Makala yake ya 1998 husomwa sana, ingawa majaribio yaliyofuata hayakukubaliana kuhusu nguvu ya sauti hizo juu ya watu.

Wawindaji mizuka wa siku hizi, waliotokana zaidi na vipindi vya televisheni kama Most Haunted cha 2002 na Ghost Hunters cha 2004, wamepunguza thamani ya urithi huu. Hupita gizani na vipimo vya sumaku-umeme ambavyo mafundi huvitumia kutafuta nyaya, na vipimo hivyo hulia kwa sababu ya friji, swichi au simu iliyo mfukoni mwa mshikaji. Familia hubaki na video, na hofu yao iko pale pale.

Nyumbani haji mtu na kipimo. Jambo hupelekwa kwanza kwa mkubwa wa familia, naye huuliza maswali ambayo mgeni angeyaona hayahusiani na nyumba: kiwanja kilikuwa cha nani, palikuwa na mbuyu au kaburi, nyumba ilizindikwa ilipomalizika kujengwa, hitima ya marehemu ilisomwa, kuna ahadi iliyowekwa na haikutimizwa, maji ya moto yalimwagwa uani usiku bila bismillahi? Kisha huitwa mwalimu wa chuo cha Qurani. Surat al-Baqara husomwa ndani ya nyumba kwa sababu hadithi ya Mtume inasema shetani huikimbia nyumba inamosomwa, adhana hutolewa pembeni mwa vyumba, ubani hufukizwa.

Kombe lastahili kutazamwa kwa karibu. Mwalimu huchukua sahani nyeupe ya kauri na kalamu ya mwanzi. Wino wake ni zafarani iliyoroweshwa kwa marashi ya mawaridi, rangi yake kati ya manjano na nyekundu. Huandika Ayatul Kursiyyu kuanzia ukingoni akizunguka kuelekea katikati, huku akisoma kwa sauti ya chini, mpaka sahani ijae. Maandishi yakikauka, maji humiminwa juu yake na kuzungushwa polepole hadi herufi zote ziyeyuke. Mgonjwa hunywa, na yanayobaki hunyunyizwa kwenye kuta na kizingiti. Watu wote wa nyumba huwa wamekaa hapo, na majirani wachache. Kwa saa nzima mwenye kuogopa hayuko peke yake, na hilo ni jambo ambalo kinasa sauti hakijawahi kumpa mtu.

Shida isipokwisha, watu huenda kutazamia. Mpiga ramli huuliza jina la mtu na la mama yake, huzigeuza herufi kuwa hesabu kwa abjadi ili kupata nyota yake, au huchora mistari ya nukta kwa haraka bila kuhesabu, kisha huzifuta mbili mbili mpaka kila mstari ubaki na nukta moja au mbili. Mistari minne hutoa umbo moja, na maumbo yote ni 16. Ikionekana kuwa aliyepo amempanda mtu, huitwa fundi na kupigwa ngoma, mgeni azungumze kwa kinywa cha kiti wake, yaani mtu aliyempanda, ataje jina, kabila na haja yake. Unguja masheitani hujulikana kwa makabila yao: ruhani wa Kiarabu, kibuki wa Bukini, yaani Madagaska, habeshia wa Ethiopia, na kila mmoja ana ngoma, mavazi na chakula chake. Mtaalamu wa anthropolojia Kjersti Larsen ameandika kwa kina jinsi Wazanzibari wanavyoishi na viumbe hawa kama majirani wenye tabia zao. Mara nyingi lengo si kumfukuza mgeni. Hufanyika maafikiano: atapewa pete, nguo au chano kwa mwaka, naye atulie. Maneno ambayo mke au kijakazi asingethubutu kuyasema mbele ya mwenye nyumba husemwa na pepo, na mwenye nyumba hulazimika kusikiliza.

Hatari huingia pale swali la nani linapoacha kuwaelekea majini na kuwageukia watu. Ramli chonganishi humtaja jirani, shangazi, mke mwenza. Katika kaunti ya Kilifi, wazee wenye mvi wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine wakakimbilia hifadhi ya Kaya Godoma. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania walioandamwa ni bibi wenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni walikopikia familia hizo hizo maisha yao yote. Kenya, Sheria ya Uchawi ya 1925 inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, na Januari 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Hata pasipo mpiga ramli, hofu hutafuta mwili wa kuushika. Mwaka 1995, habari za Popobawa, pepo aliyesemwa kuvamia watu usiku, zilipotoka Pemba na kuingia Unguja, familia zilihama vyumbani na kulala nje kwa makundi, na mjini Unguja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliodhani ndiye. Waliosimulia kushambuliwa walieleza kuamka wakiwa hawawezi kujongea, wamekandamizwa, wakishindwa kupiga kelele. Hilo ni jinamizi: ubongo umeamka wakati misuli bado imelegezwa kama inavyolegezwa mtu anapoota.

Ughaibuni nako kuna utaratibu unaofanana zaidi na wa nyumbani kuliko Waingereza wengi wanavyojua. Kanisa la Uingereza, kwa miongozo ya tangu 1975, huwa na makasisi waliofunzwa kazi hii katika dayosisi zake. Hufika nyumbani, husikiliza, husali chumba kwa chumba, na hawaruhusiwi kumpunga mtu pepo bila idhini ya askofu na ushauri wa matabibu. Sheria pia imeigusa nyumba yenyewe. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya New York ilimruhusu mnunuzi wa nyumba ya Nyack kuvunja mkataba, kwa kuwa muuzaji alikuwa ameitangaza kwa miaka kuwa ina mizuka lakini hakumwambia yeye. Pwani, nyumba yenye sifa hiyo hukaa tupu au hupangishwa kwa bei ya kutupa, na mpangaji mgeni huambiwa na muuza duka baada ya kulipa kodi.

Familia ya Kiswahili inayoishi Leicester au Minneapolis huwa na milango yote miwili, wa vipimo na wa kisomo, na mpangilio wa kuifungua ndio muhimu. Jengo lipimwe kwanza. Nchini Uingereza mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kuhakikisha mitambo ya gesi inakaguliwa kila mwaka, na tangu Oktoba 2022 lazima chumba chenye boila kiwe na kengele ya kaboni monoksaidi. Ikiwa wakazi wote wanaumwa na kichwa wakiwa ndani na kupona wakitoka, watoke nje na kuita huduma ya dharura ya gesi kabla ya kumpigia mwalimu simu. Kukimbilia chetezo katika fleti iliyofungwa madirisha kwa baridi ya Januari kunaweza kuongeza tatizo, maana makaa ya udi nayo hutoa gesi hiyo hiyo. Ndiyo inayoua watu Njombe na Limuru wanapolala na jiko la mkaa ndani. Ubani ufukizwe, ila dirisha liwe wazi.

Mtoto asitajwe kamwe kuwa chanzo. Polisi wa London walianzisha Project Violet mwaka 2005 kwa ajili ya watoto wanaoteswa kwa madai ya uchawi na pepo, na mchungaji au mganga anayemtaja mtoto, hata kwa simu kutoka ng'ambo, anamweka mtoto huyo hatarini. Baada ya jengo kupimwa hakuna ubaya mwalimu kuja na kombe likaandikwa. Kwa anayebanwa na jinamizi mara kwa mara, daktari atauliza kuhusu usingizi, na wabeba boksi wa zamu za usiku watakuwa na mengi ya kumjibu, kwani usingizi unaokatikakatika ni kichocheo chake kikubwa. Kulala chali nako humzidishia mtu jinamizi, hivyo atashauriwa alale ubavu.