Kuitana Hewani, Kutoka Foni Hadi Wi-Fi

Simu mbili zisipoonana ndani ya nyumba moja, mara nyingi wito haukufika, au umefika pasipo wa kuuitikia. Simu yenyewe huwa nzima. Huko Nyangwe na Kasongo, mashariki mwa Kongo, mtandao wa nyumbani mara nyingi ni hotspoti ya simu inayochajiwa kwa paneli ya jua, na kijana anayengoja nyimbo kutoka kwa mwenzake akiona skrini tupu huifuta simu yote na kuanza upya. Picha za marehemu wa familia hupotea hivyo bila sababu. Inaudhi, kwa kuwa wazee wake walijua namna ya kutafuta kosa: walilelewa na foni, yaani redio ya mawimbi mafupi.

Kabla ya foni ziliita ngoma za mti. Chini zaidi kwenye Mto Kongo, karibu na Kisangani, mmisionari John Carrington alichunguza ngoma za Walokele na kuchapisha kitabu mwaka 1949. Watu walikuwa na majina yao ya ngoma, marefu, yaliyopigwa kabla ya ujumbe ili asiyehusika aendelee na kazi.

Foni ndiyo iliyounganisha miji ya ndani ya Kongo katika miaka ya 1980 na 1990. Ilitaka betri ya gari ya volti 12, waya wa antena uliovutwa kati ya miti miwili, na mtu mezani. Chumba kilinuka asidi ya betri na petroli ya jenereta. Kwenye benchi nje waliketi wafanyabiashara wa mchele na mawese, mwalimu anayeulizia mshahara, mama mwenye mgonjwa Kindu. Siri haikuwapo: aliyekuwa kwenye masafa hayo alisikia yote, hata habari ya msiba kabla haijawafikia wafiwa.

Mwenye foni akikosa jibu alitazama saa kwanza, kwani stesheni ziliwekeana miadi. Kisha masafa: megahezi 7 zilifaa mchana, usiku ilibidi kushuka. Kisha antena, ambayo kwa megahezi 7 hufikia mita 20 hivi. Kisha betri. Akaita tena, polepole, akitaja jina la anayemtafuta kabla ya lake, na kuandika saa daftarini. Utaratibu huo ulikuwa elimu kamili, na hakuna shule iliyourithi.

Baada ya 2000 simu za mkononi zikaenea, minara ikachukua kazi ya kutafuta, foni nyingi zikanyamaza. Zikaja simu za skrini.

Wi-Fi ya nyumbani imerudisha kazi ile ile bila mtu mezani. Kifaa kinachotafuta printa au televisheni huita vyote kwa pamoja, mara nyingi kupitia anwani 224.0.0.251, kisha hungoja kuitikiwa. Basi kwanza ihakikishwe kwamba vyote viwili viko kwenye mtandao mmoja, si kimoja kwenye hotspoti na kingine kwenye ruta ya jirani. Hotspoti ya gigahezi 5 haionwi kabisa na simu ya zamani yenye gigahezi 2.4 tu, hivyo ibadilishwe iwe ya 2.4. Ruta nyingi huvitenga vifaa vya wageni visionane, na VPN iliyoachwa ikiwaka inaweza kupitisha wito kwingine. Kwa Bluetooth, simu nyingi hujionyesha kwa muda mfupi tu, kisha hujificha. Kwenye simu za zamani, tangu Android 6 ya mwaka 2015, programu nyingi za kutumiana mafaili hazioni kifaa chochote mpaka huduma ya mahali iwashwe. Kosa hili huwapoteza wengi, maana halifanani na kosa la mtandao.

Yote hayo yakishaangaliwa, simu zote mbili zizimwe na kuwashwa. Kufuta kila kitu kuwe kwa mwisho kabisa, baada ya picha kunakiliwa kwenye kadi.