Tumba na Bendi ya Jumapili

Jina lake ni Tumba. Baba ndiye aliyempa, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa akigonga mkia kwenye mlango wa bati wa jikoni, na baba, ambaye hakuwahi kushika chombo cha muziki zaidi ya kitufe cha redio, aliapa kwamba mpigo ule haukosei. Mbwa wengine wa mtaani kwetu Morogoro waliitwa Simba au Popi. Wa kwetu tu ndiye aliyekuwa na jina la ala.

Baba alifariki Februari mwaka jana. Matanga yalipoisha, mama akahamia Dodoma kwa dada, nyumba ikapangishwa, vyombo vikagawanywa. Mimi nilipata redio kaseti na mbwa. Redio haikuleta ubishi. Mbwa alisafiri karibu kilomita 200 nyuma ya kenta iliyobeba nyanya, maana hakuna basi lililomtaka, akashushwa Shekilango saa kumi na moja alfajiri akiwa ananuka kama kachumbari.

Ninakaa Sinza, chumba kimoja, uani. Tupo wapangaji wanne, bomba moja, mpapai mmoja. Nasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu mafumbo katika nyimbo za dansi, mada ambayo watu wa nyumbani wanaifupisha kwa kusema nasomea baa.

Kuishi na mbwa katika chumba cha kupanga Dar ni kazi ya kujieleza. Mbwa wa mjini anatakiwa awe na ukuta wa kulinda, geti, na tajiri. Ukitembea naye kwa kamba asubuhi, watoto wanapiga yowe na kukimbia, kisha wanarudi kukuuliza anang'ata? Bodaboda wanauliza unauza? Nampikia dona na dagaa kwenye sufuria yake mwenyewe, nampeleka chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na kadi ya chanjo naiweka pamoja na vyeti vyangu vya shule. Ana miaka kumi na mmoja. Mdomo umeshaota mvi, na akilala mchana anakoroma kama mlinzi.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni bibi mmoja wa makamo ya juu, mswalihina. Siku ya kwanza aliniita, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia bila ugomvi wowote: "Mjukuu wangu, sisi mbwa akilamba chombo tunakiosha mara saba, moja kwa udongo. Mimi magoti haya hayataki kuosha mara saba." Tukaweka mpaka. Kuanzia kwenye mpapai hadi kwenye bomba ni kwake. Tumba aliuelewa mpaka ule ndani ya wiki moja, jambo ambalo mpangaji wa chumba cha nne hajaliweza hadi leo na ndoo zake. Wiki ya tatu nikaona bibi anamrushia vichwa vya samaki kutoka upande wake. Nilipomtazama, akanisimulia habari ya yule mtu aliyemkuta mbwa akifa kwa kiu, akateka maji kisimani kwa kiatu chake, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. "Kugusa ni jambo moja," akasema. "Kumwacha na njaa ni jingine."

Mama mwenye nyumba hana habari na kisa hicho. Mwezi uliopita alikuja, akasimama getini bila kuingia, akasema: "Mwanangu, mbwa au chumba. Nakupa hadi mwisho wa mwezi." Chumba cha nne anahamia mama mwenye mtoto mchanga. Siwezi kusema anakosea.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kazini kwangu, yaani baa, mitaa miwili kutoka nyumbani, ambako bendi ya wazee hupiga dansi kuanzia saa mbili usiku. Nieleze kidogo, maana kuna wasomaji wa umri wangu wanaodhani dansi ni jina tu la mashindano ya kucheza. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadilika jina, na bendi ikabadilika nacho: JUWATA, OTTU, hatimaye Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ambayo watu waliiita Sikinde, na Muhidin Gurumo akatoka JUWATA kwenda kuijenga. Tangu hapo nchi ikagawanyika. Baba alikuwa Sikinde. Bibi wa mpapai ni Msondo, na hilo alinitangazia kwa uzito uleule wa mambo ya udongo na mara saba.

Wimbo wa dansi una nyumba mbili. Ya kwanza ni ya polepole: magitaa yanasukana, solo juu, rizimu katikati, na mwimbaji anaeleza shauri lake kama mtu aliye barazani. Watu wanakula nyama na kusikiliza. Kisha linakuja chemko. Tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pamoja, besi inashuka tumboni, na wazee waliokuwa wakilalamika mgongo wanasukuma viti vya plastiki na kusimama. Shangazi mmoja mwenye kitenge alikwenda kumtunza mwimbaji, akambandika noti kwenye paji la uso, akarudi akicheza kinyumenyume bila kumwaga bia yake.

Nilikuwa naandika hilo hasa nilipomwona Tumba. Alikuwa ameingia kupitia upande wa jiko, kipande cha kamba iliyotafunwa kikining'inia shingoni. Mbwa anasikia sauti nyembamba mara mbili ya uwezo wetu, hadi kama hezi 45,000, nikadhani spika zitamkimbiza. Hakuzijali. Wala hakujali mifupa. Alikwenda meza kwa meza. Kwa vijana hakusimama. Kwa kila mzee mwenye shati la mikono mifupi lililochomekewa alisimama, akanusa suruali, akainua kichwa kutazama uso, akaenda kwa mwingine.

Nyumbani, Jumapili jioni, baba alikuwa akiweka kaseti za Sikinde na kukaa ukumbini bila viatu.

Alizimaliza meza zote. Mhudumu akaniuliza, "Kaka, huyu wako?" Nikasema wangu. Mzee mmoja, akiwa ameshachangamka, akampaka mate kwenye noti ya elfu moja akambandika Tumba pajini, baa nzima ikacheka, nami nikacheka nao kwa sababu uso wangu ulihitaji kazi ya kufanya. Kisha akaja akalala miguuni pangu, na chemko lilipoanza tena akawa anagonga mkia kwenye mguu wa kiti. Nilisikiliza kwa makini, kama mtafiti. Hana mpigo kabisa. Anachelewa, anawahi, anaacha. Miaka yote ile baba alikuwa anajidanganya, au alikuwa anasikia kitu kingine.

Tulirudi karibu saa sita. Bibi alikuwa kwenye kizingiti chake.

"Alitafuna kamba, akalia getini," akasema. "Nikamfungulia. Mbwa anayelia hivyo anajua anakokwenda." Kisha: "Walipiga Msondo?"

"Walipiga, bibi."

"Nilisikia."

Mwisho wa mwezi bado siku tisa. Nimempata dalali, amenitumia picha za chumba huko Mbezi, kina fensi, kodi ya miezi sita mkononi. Akauliza mbwa mkubwa kiasi gani, nikamtumia picha. Akauliza umri, nikamwambia.

"Kumi na moja?" akaandika. "Sasa kaka, si usubiri tu?"

Sijamjibu hilo. Nimemwandikia kwamba kesho saa nne nakuja kukiona chumba, na kwamba tutakuwa wawili.