Kuezua na Kuezeka

Makuti huoza baada ya miaka michache, lakini nyumba ya makuti huweza kumzika aliyeijenga. Mwenyewe huezua yaliyooza na kuezeka mapya, na watu wamo ndani wakipika na kulala. Sijapata mfano wa moyo wa mwanadamu unaoupita huo.

Moyo hupiga mara laki moja hivi kwa siku, wala haujui Ijumaa wala Jumapili. Seli za msuli wake ni za kudumu: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha asilimia 1 tu kwa mwaka, na mzee hata nusu ya hapo hafiki. Lakini ndani ya seli hizo protini huchakaa, na kazi ya kuziondoa ni ya vimeng'enya vinavyovunja protini. Iliyoharibika hutiwa alama iitwayo ubikwitini, kisha huingizwa katika proteasomu ikakatwakatwa. Ciechanover, Hershko na Rose, waliogundua kazi ya alama hiyo, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004.

Kaka yangu alipopatwa na shambulio la moyo ndipo niliposoma upande wa pili. Damu ikizibwa, na hata inaporudishwa, kalisi hufurika ndani ya seli na kuamsha vimeng'enya viitwavyo kalpaini. Hapo fundi wa kuezua hugeukia nguzo nzima. Seli zinapokufa, protini iitwayo troponini huvuja hadi kwenye damu. Kwa kuipima, daktari alijua.

Shemeji akauliza: basi kwa nini visizimwe vyote? Swali la mtu mwenye uchungu, nalo lina jibu. Iko dawa iitwayo karfilzomibu, inayozuia proteasomu. Huwafaa wagonjwa wa saratani moja ya uboho, lakini kwa baadhi yao moyo hudhoofika hata ukashindwa kazi. Taka isiyoondolewa nayo huua.

Ndugu msomaji, tunaogopa kila kinachobomoa, ilhali tunaishi kwa kubomolewa kwa kipimo. Sehemu ya moyo wa kaka iliyokufa imebaki kovu, na kovu halirudi kuwa msuli. Iliyosalia ndiyo inayomfikisha sokoni, kwa mwendo wa taratibu, akipumzika mara mbili njiani.